Kisasi cha Msoma Prufu

Kwenye kiwanda cha uchapaji cha chuo kikuu, alikokuwa akisoma prufu, yaani kurasa za majaribio, kusaka makosa kabla kitabu hakijachapwa, walimwita Nukta, na kwa miaka sita ya mwanzo hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake. Alipokuja kulisikia alinuna wiki nzima, kisha akazoea. Lilimfaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi, na aliweza kuiona nukta iliyokosekana ukurasa wa mia mbili kabla wewe hujavuta kiti ukae. Profesa mmoja aliwahi kumletea kitabu chake akijisifu kwamba hakina kosa hata moja, maana wenzake watatu wameshakipitia. Siku ya nne kilirudi kimejaa wino mwekundu. Profesa aliona haya, na tangu hapo akawa anamsalimia Nukta kwa adabu zote, kama anasalimia mkwe.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya mashine. Meza moja, rula ya mbao ya kufuatia mistari, taa yenye shingo ndefu, na dirisha lililotazama ukuta. Mashine zikiwaka meza ilitetemeka, naye akajifunza kuandika vizuri juu ya meza inayotetemeka. Alikaa mle miaka ishirini na moja. Watu walisema huyu mama anaipenda kazi yake. Kuipenda aliipenda, sikatai, lakini siyo iliyomweka mle. Kilichomweka ni chuki. Na sisemi chuki ya kununiana kwenye korido, la. Nasema chuki ya kuamka nayo asubuhi na kupiga nayo mswaki. Mwenyewe aliyechukiwa alikaa jengo la utawala, ghorofa ya tatu, ofisi yenye zulia, na cheo chake kilikuwa Mkuu wa Chuo.

Sasa tusirukeruke. Wakati mambo yalipoanza bwana huyo hakuwa Mkuu wa chochote. Alikuwa Mlezi wa Wanafunzi, mwenye suti mbili na tabasamu la kutosha watu kumi. Nukta naye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mhariri wa gazeti la wanafunzi. Gazeti lenyewe kurasa nane tu, wino ukikuachia vidole vyeusi, lakini lilikuwa na mdomo.

Jikoni kwenye bwalo la wanafunzi kulikuwa na tangi kubwa la kuchemshia maji. Siku moja lilipasuka likamwagia mpishi mmoja mkono mzima, kutoka bega hadi vidole. Chuo kikatoa tangazo kwamba ni uzembe wa mpishi mwenyewe. Wiki iliyofuata gazeti likaandika yaliyofichwa: tangi lile lilikuwa limeripotiwa bovu mara tatu kwenye daftari la jikoni, tarehe fulani na fulani na fulani, na mara zote tatu Mlezi wa Wanafunzi, ambaye bwalo lilikuwa chini yake, alikuwa ameandika pembeni kwa mkono wake: "Bado linafaa."

Daftari halikutoka jikoni kwa miguu yake. Aliyelitoa alikuwa mpishi wa zamu ya asubuhi, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye chuo kizima kilimwita Shangazi. Ndiye aliyeziandika zile ripoti tatu. Na ndiye aliyekuwa akimwekea Nukta chakula siku za kukamilisha gazeti, maana alijua mtoto huyu akishika kalamu tumbo hulisahau.

Mlezi alimwita Nukta ofisini. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alimwagizia chai, akamwuliza habari za mama yake, kisha akamsogezea karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya kumfukuza chuo, imeshapigwa muhuri. Ya pili ilikuwa tupu.

"Chagua, mwanangu," alisema. "Nataka jina la aliyekupa daftari, basi. Gazeti nimeshalifunga, kwa hiyo huna tena cha kulinda."

Nukta alikuwa amebakiza miezi minne amalize. Nyumbani mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani mpaka wale asiosemezana nao. Nukta akavuta ile karatasi tupu, akaandika mistari sita, akatia sahihi. Mkono haukumtetemeka hata kidogo, na kwa miaka yote iliyofuata hilo lilimuuma kuliko maneno yenyewe.

Jumatatu Shangazi akamwaga unga. Yeye na yule mwenzake aliyeungua walipewa barua moja, na barua ilisema wameiba unga stoo. Mtu akishaitwa mwizi wa jikoni, jiko gani tena litamchukua? Alizunguka miezi, hoteli hii, hospitali ile, shule ya bweni, na kila mahali waliomba barua ya kazini, na akishaitoa wanamrudishia kwa ncha za vidole. Mwishowe akaanza kuwafulia watu na kuwapigia pasi, chumbani kwake, na huko ndiko alikozeekea.

Aliyemchongea alimjua, au alijiona anamjua. Mtunza stoo. Nani mwingine? Ndiye aliyekuwa na funguo, ndiye aliyemwona na daftari chini ya aproni. Shangazi alimkatia salamu siku ileile na hakumrudishia mpaka mtu wa watu anakufa.

Nukta alisikia yote hayo na akanyamaza. Alipohitimu, Mlezi mwenyewe akamtafutia nafasi kiwandani. "Watoto wenye akili tusiwaachie wengine," alimwambia, akimshika bega. Nukta akasema asante. Akaichukua kazi, akaanza kwenda kwa Shangazi kila Jumamosi na sabuni, na mafuta ya kupikia, na magazeti ya kusoma. Shangazi akampokea kama aliyemzaa. Mtoto ana utu huyu, aliwaambia majirani, wengine wote walinisahau. Nukta alikaa pale kwenye kigoda akiwa na neno kooni, Jumamosi baada ya Jumamosi, na neno halikutoka. Badala yake aliapa. Aliapa kwamba yule bwana wa tabasamu ataumbuka siku moja mbele za watu, na kuumbuka kwake kutamlipa Shangazi kila kitu, na baada ya hapo hakutakuwa na haja ya kusema lolote lingine. Hivyo ndivyo alivyojipangia. Mwanadamu kujidanganya hafundishwi.

Mlezi akapanda. Akawa Naibu, akawa Mkuu, suti zikaongezeka. Ulipokaribia muda wake wa kustaafu, Baraza la Chuo likaamua mambo mawili. La kwanza, achapishiwe kitabu cha utumishi wake. La pili, na hili Nukta aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, bwalo jipya la wanafunzi lipewe jina lake. Bwalo! Lenye jiko ndani! Herufi za chuma zilikuwa zimeshaagizwa.

Makasha matatu ya nyaraka yaliteremshwa kiwandani. Mkuu alimpigia simu mwenyewe.

"Mwanangu, hotuba zimo zote. Mwishoni tuweke nyaraka chache, picha za karatasi zenyewe, zile za kuonyesha kwamba nilikuwa mtu wa msimamo. Chagua wewe."

"Nichague zozote, mzee?"

"Zozote. Nisipokuamini wewe nimwamini nani?"

Kasha la pili, chini kabisa, lilikuwa na faili la bwalo. Watu wa maofisini hawatupi karatasi, hata ile ya kuwanyonga, na huyu hakutupa. Mlikuwa na daftari la jikoni lenye "Bado linafaa" zake tatu. Mlikuwa na waraka alioutuma kwa msimamizi wa bwalo: "Wapishi wawili waliotajwa waondolewe mara moja. Sababu iandikwe wizi wa unga, ili wasipate pa kwenda kulalamika. Tangi litengenezwe bila kelele." Sahihi, tarehe, muhuri. Na nyuma yake, imebanwa kwa pini iliyoshika kutu, barua ya mistari sita kwa mwandiko wa msichana.

Nukta aliisoma yote. Kisha akaibandua, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Hakuichoma, maana kwenye kazi yake nakala asili haichomwi kabla kitabu hakijatoka, na mazoea ni mazoea. Daftari na waraka akavipeleka kupigwa picha. Hakubadilisha kitu hata herufi moja. Alitaka bwana yule anyongwe kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, asipate hata uzi mmoja wa kusema umeongezwa.

Kiwandani palikuwa na sheria moja isiyopindwa hata kwa wakubwa: hakuna kitabu kinachoingia mashine bila mwenyewe kutia sahihi kila ukurasa wa prufu ya mwisho, chini ya neno "Ichapwe". Nukta akazibeba kurasa mia moja themanini na sita, akapanda nazo ghorofa ya tatu. Mkuu alikuwa na fundi wa zile herufi za chuma, wanabishana kama zipakwe rangi ya dhahabu au ziachwe hivyohivyo. Alizivuta prufu bila kugeuka, akaanza kutia sahihi, ukurasa, ukurasa, ukurasa.

"Mzee," Nukta alisema, "ni vizuri ungesoma. Hasa huku mwisho."

"Nikisoma mimi, wewe utakuwa unafanya kazi gani?" Akacheka, na fundi naye akacheka, maana mteja akicheka fundi hucheka.

Msidhani alimwonea huruma. Alitaka tu, siku ya siku, bwana huyo asiwe na mlango wa kutokea. Alisimama pale akiiangalia kalamu ikiteremka. Ukurasa wa mia moja themanini, daftari, sahihi. Themanini na mbili, waraka, sahihi. Dhahabu, Mkuu alisema, pakeni ya dhahabu. Nukta akazikusanya kurasa zake akashuka ngazi mbilimbili kwa furaha.

Vitabu viligawiwa Jumamosi ya sherehe, saa nne asubuhi, chini ya mahema meupe, kila mgeni nakala yake. Hotuba zikatolewa, watu wakapiga makofi, wakasimama, wakakaa. Gazeti la wanafunzi lilikuwa limefufuliwa miaka michache nyuma, na mhariri wake wa sasa alikuwa msichana mrefu, mkimya, anayetembea na kalamu nyuma ya sikio. Nukta alimkabidhi nakala kwa mkono wake mwenyewe akamwambia, "Wewe anzia mwisho." Msichana akaanzia mwisho. Kabla hotuba ya tatu haijaisha kiti chake kilikuwa kitupu.

Jumatatu gazeti lilitoka na ule waraka ukurasa wa kwanza, mzima mzima, na chini yake mahojiano na mfuaji mmoja mzee ambaye zamani aliitwa mwizi. Kufikia saa sita vyumba vya madarasa havikuwa na mtu. Wapishi wa sasa, ambao nao walikuwa hawana mkataba, wakazima majiko wakatoka na aproni zao kusimama na wanafunzi. Baraza likakutana Jumanne. Wajumbe walimwuliza Mkuu swali moja tu: hizi sahihi za kila ukurasa ni zako? Angesema si zake, ni mwongo. Angesema ni zake ila hakusoma, basi chuo kimeongozwa na mtu asiyesoma hata kitabu chake. Akachagua kukohoa. Jumatano alistaafishwa bila keki, na alasiri ileile mafundi wakaja na ngazi kung'oa zile herufi kwenye bwalo. Nukta alitoka kazini akaenda kutazama. Herufi ya mwisho iligoma, ikapigwa nyundo, ikaanguka kifudifudi kwenye kokoto. Alifurahi. Alifurahi mpaka mwenyewe akaogopa, na hakutaka furaha hiyo imwishe.

Alhamisi bwana yule aliteremka chumba cha nyuma ya mashine, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja. Bila gari na katibu wake alionekana mfupi.

"Nilikulea," alisema.

"Ulinilea, mzee. Kweli kabisa."

"Kwenye lile faili palikuwa na barua nyingine."

"Barua gani?"

"Usinifanye mtoto. Unaijua mistari yake yote."

"Mzee, mimi nimechapa ulichotilia sahihi." Nukta alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la gauni, akaivaa tena. "Hiyo nyingine siijui. Kama unayo, wapelekee magazeti. Sasa hivi wanakuamini sana."

Alimwangalia akiondoka, mabega yameshuka, anapishana na wapiga chapa ambao hawakusogea kumpa njia. Hapo nawaambieni ukweli, Nukta hakuwa na tofauti kubwa na yule mwenye karatasi mbili na chai. Lakini siku ile hakuna ambaye angeweza kumwambia, na angeambiwa asingesikia.

Jumamosi akaenda kwa Shangazi. Alikwenda bila sabuni, bila mafuta. Alikuwa anaupeleka ushindi, akiona mkono mwingine wa kubebea hana. Mlangoni majirani walikuwa wamejaa tangu asubuhi kumpongeza mzee wao, wakampisha Nukta apite, mmoja akampigapiga mgongoni. Ndani Shangazi alikuwa peke yake, anapiga pasi shati la mtu. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa, miwani ya kusomea juu yake.

"Kaa," Shangazi alisema. "Nimekisoma chote. Nilianza Jumatatu, jana nimemaliza. Macho yenyewe ndiyo haya, nasoma kwa kidole."

"Umeona alivyoandika? Kwa mkono wake mwenyewe, Shangazi. Hana pa kujificha."

"Nimeona." Alimaliza mkono mmoja wa shati, akaugeuza. "Ila huu waraka, pale chini kabisa, kuna maandishi madogo. Nisomee wewe mwenye macho."

Nukta akakivuta kitabu. Waraka aliujua kwa moyo, neno kwa neno, angeweza kuusema usingizini. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa, kosa ambalo msoma prufu yeyote wa mwaka wa kwanza huonywa nalo: unachokijua kwa moyo hukisomi, unakikumbuka. Mara zote alizoupitia ule waraka macho yake yalikuwa yakifika kwenye muhuri yanasimama. Chini ya muhuri, kwa herufi ndogo za taipu, palikuwa na mstari mmoja: "Viambatisho: 1. Nakala ya gazeti. 2. Barua ya mhariri inayomtaja mtoa habari."

Hakuusoma kwa sauti. Aliusoma mara mbili, na rula hakuwa nayo ya kushika.

"Na mimi nimeusoma," Shangazi alisema. "Nikasema labda sijaelewa. Nikamwita jirani anisomee, akasoma vilevile. Mhariri mwaka ule alikuwa nani?"

"Shangazi..."

"Nimekuuliza swali dogo."

"Mimi."

Shangazi akaisimamisha pasi wima. Hakulia, na sauti hakuipandisha. "Yule mtunza stoo alikuja hapa kabla ya kufa. Alikuja mgonjwa, anashika ukuta. Akasimama pale ulipopita wewe sasa hivi, akaniambia dada, si mimi. Nikamfungia mlango usoni. Mkewe alinikuta sokoni wiki ya msiba, nikamgeuzia kisogo."

"Nilikuwa na miezi minne tu nimalize. Alinipa karatasi mbili, Shangazi. Nilikuwa mtoto."

"Karatasi ile naweza kuielewa. Ulikuwa mtoto, ukatishwa. Lakini Jumamosi zote hizi ulikuwa mtu mzima. Umekaa kwenye kigoda changu unanisikiliza namtukana maiti." Akaichukua simu yake ndogo dirishani, akabonyeza namba, akasubiri. "Mwanangu wa gazeti? Ni Shangazi. Njoo hapa na kalamu yako. Ile habari hatujaimaliza." Akaikata. "Barua iko wapi?"

"Nyumbani. Kwenye sanduku."

"Kailete."

"Niache nijipange, Shangazi. Nitaileta kesho asubuhi, naapa."

Shangazi alikuwa ameshaishika tena pasi, anatafuta kola ya lile shati. Nje majirani walikuwa wanacheka jambo fulani, mtu akipiga makofi.

"Leo," alisema. "Na utaisoma wewe mwenyewe, kwa sauti, mke wa mtunza stoo akiwepo. Namtuma mtu akamwite sasa hivi."

Nukta akainuka, akaenda kuileta.